Waya wa taa haubebi pikipiki



Kuna maneno yanazunguka kwenye vituo vya wamotari na ndani ya parseli ambamo familia nne au tano zinalala pamoja. Mtu anasema: "Nitatafuta pikipiki ya umeme, esansi niwaachie wengine. Kuichaji? Nitaichomeka palepale tunapochaji simu." Ukimuuliza ni umeme wa nani, anakujibu: "Papa, kurani ni kurani."

Mimi nasema si kweli, na nasema sasa, kabla pikipiki hizo hazijajaa mjini. Umeme uliowekwa kwa ajili ya taa na simu za familia nyingi haupaswi kuchaji chombo cha mtu mmoja. Usiku wa manane haupaswi, kwa ruhusa ya mwenye parseli haupaswi, hata kwa franka zinazoingia mfukoni mwake haupaswi.

(Hapa kwetu pikipiki tunaiita moto. Leo nitaiita pikipiki, juu nitaongea pia juu ya ule moto mwingine.)

Kwanza nimtetee motari. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kumlaumu kwa kuichoka esansi. Esansi ya Kindu imesafiri kuliko wengi wetu. Ikitoka upande wa Kisangani, inapita kwa reli kilomita 125 mpaka Ubundu kwa sababu mto pale una maporomoko, kisha inapandishwa kwenye chombo cha maji na kuja juu ya Lualaba karibu kilomita 300. Ikitoka kusini inangoja treni, na treni yetu mnaijua. Kila mkono unaoigusa unaongeza bei, na wa mwisho kulipa ni yule kijana anayekubeba kutoka bandarini mpaka soko kuu. Akitafuta njia ya kuachana nayo, ana haki. Ubishi wangu uko kwenye prizi.

Tuangalie jinsi umeme unavyoingia katika parseli zetu. Wachache wana waya wa SNEL, na hao nao wanajua kungoja. Wengine wamejiunga kwa jirani mwenye grupu, wanalipa kwa hesabu ya taa. Wengine wana pano moja juu ya bati, bateri moja chini ya kitanda, na konvertisa ndogo. Kisha wakaja ndugu zetu. Tangu M23 walipochukua Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, familia zimefika Maniema zikiwa na watoto na vifurushi. Kabla yao tulikuwa tayari na waliohama kusini mwa jimbo letu wenyewe, upande wa Kabambare. Wengi wao hawako chini ya hema. Wako katika nyumba za watu, chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia, na ralonji imepitishwa dirishani ili nao wapate taa moja na tundu la simu.

Ile simu si ya kuchezea. Ndiyo inayoleta habari ya mume aliyebaki nyuma, ndiyo inayopokea pesa za msaada zikitumwa, ndiyo redio yetu hii. Mama akikosa kuichaji siku mbili, amepotea kwa watu wake.

Na mapatano katika parseli hizo ni rahisi: kila familia inatoa mchango sawa kwa juma. Hakuna kaunta ya kila chumba. Kinachofanya mchango sawa uwe wa haki ni kwamba matumizi yanakaribiana. Taa mbili ndogo na simu moja kwako, taa mbili ndogo na simu moja kwangu. Siku mmoja akichomeka pikipiki, mapatano hayo yamevunjika hata kama hakuna aliyepiga kelele.

Sasa hesabu, na naomba msiniache hapa, kwa sababu wale wa "kurani ni kurani" wanashinda juu hakuna anayehesabu mbele yao. Taa mbili za LED za wati saba na sharjeri ya simu ya wati kumi, jumla yake ni wati 24. Familia tano: wati 120. Sharjeri ya pikipiki inaweza kuvuta wati 800, na inavuta hivyo saa nne mfululizo mpaka bateri ya wati-saa 3000 ijae. Yaani pikipiki moja, kwa muda wote huo, inakula kama familia 33. Na ile grupu ndogo ya kuvutwa kwa kamba, ambayo kazi yake ya kawaida ni karibu wati 650, haiwezi hata kuanza. Itakohoa, taa zitafifia, na mwishowe itaungua waya zake za ndani. Nani atalipa kuitengeneza? Wote, kwa mchango sawa.

Kwa upande wa pano ni vilevile. Pano ya wati 100, ikipata saa tano za jua zuri, inatoa wati-saa 500, na ukitoa zinazopotea njiani katika bateri na konvertisa unabaki na kama 350. Ili ujaze pikipiki mara moja, unahitaji siku nane na zaidi za jua, nyumba nzima ikikaa gizani muda huo wote. Simu moja inahitaji karibu wati-saa 25 ili ijae. Bateri ya pikipiki moja ni simu 120. Wewe unayesema "jua ni bure": jua ni bure, ndiyo. Pano, bateri na konvertisa vilinunuliwa, na bateri inayonyonywa mpaka chini kila usiku inakufa baada ya miezi michache.

Nikiandika hivi wengine wanasema ni wivu wa watu maskini, kwamba huko Ulaya mtu anachomeka popote. Basi tuwaangalie hao wa Ulaya, maana wamegombana juu ya jambo hilihili. Kule kuna nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa nyuma ya gari, karavani, ambazo watu wanaenda nazo likizo. Wanaziegesha katika uwanja wa kulipia, na pembeni mwa kila nafasi kuna nguzo fupi yenye prizi ya bluu. Waya unatoka pale unaingia katika karavani: taa, friji ndogo, birika la chai. Nguzo hizo zinatoa mara nyingi amperi 10 au 16, na katika viwanja vingine amperi 6 tu. Mara nyingi bei ya umeme imekwisha kuhesabiwa ndani ya bei ya nafasi, sawa kwa wote.

Kisha magari ya umeme yakaja. Mtu anafika na gari lake, anapitisha waya dirishani mwa karavani, anachaji gari usiku kucha. Hata Nissan Leaf ya kwanza, gari dogo lenye bateri ya kilowati-saa 24, kwa amperi 10 linahitaji zaidi ya saa kumi. Birika linavuta sana kwa dakika tatu na kuacha. Gari halipumziki. Dijonkta inakatika, majirani wanabaki bila friji, au waya uliobaki umezungushwa kwenye rolo unapata joto mpaka plastiki inalainika. Ndiyo maana rolo nyingi za waya zinaandikwa vipimo viwili: cha waya uliokunjuliwa wote, na cha waya uliobaki umeviringwa, ambacho ni kidogo sana. Viwanja vingi vimekataza jambo hilo, na vingine vimeweka nguzo za magari peke yake, zenye waya mnene na malipo yake. Hao ni watu wenye nguzo ya chuma, dijonkta nzima na mfundi wa kuita. Wamekataa. Sisi tunataka kuruhusu juu ya ralonji iliyofungwa na skochi?

Juu ya hiyo ralonji nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kifo kilipo.

Waya wowote unaopitisha umeme unapata joto. Ukiongeza umeme mara mbili, joto halipandi mara mbili, linapanda mara nne. Ukiongeza mara kumi, joto mara mia. Familia moja yenye taa mbili na simu inavuta karibu amperi 0.1. Sharjeri ile ya wati 800 inavuta zaidi ya amperi 3.5. Waya uleule, chumba kilekile, na joto limepanda mara elfu moja. Kama waya ni wa shaba safi, mnene, bila kiungo, huenda ukavumilia. Lakini nyaya zinazouzwa kwa bei ndogo nyingine ndani yake ni aliminiumu iliyopakwa shaba juu, na waya wa kwenda chumba cha nyuma umeunganishwa mara mbili au tatu kwa kusokota na vidole. Joto halijigawi sawasawa. Linakusanyika pale kwenye kiungo, chini ya skochi, na kiungo hicho mara nyingi kiko juu ya mti wa paa, au chini ya turubai la waliohama, au kimepita juu ya godoro. Taa mbili zinaweza kupita hapo miaka mitatu bila neno. Kwa sababu hiyo watu wanadhani waya ni mzima. Waya ule haujapimwa bado, maana hakuna aliyewahi kuupa mzigo.

Na bateri yenyewe? Bateri ya lithiamu iliyo nzima, na sharjeri yake halisi, haina shida kubwa. Iliyoanguka, iliyofunguliwa na kurudishwa, au inayochajiwa na sharjeri ya kubahatisha, inaweza kuwaka yenyewe, na moto wake hauzimwi na ndoo ya maji. Katika mji wa New York, mwaka 2023, watu 18 walikufa katika mioto ya bateri za lithiamu. Nyingi ya mioto hiyo ilitoka kwenye baiskeli na pikipiki ndogo za umeme, zile wanazozitumia vijana wanaopeleka chakula, wengi wao wahamiaji wanaolala wengi katika nyumba moja na kuchaji pale mlangoni. Mnaiona sura hiyo? Mlango mmoja, bateri imewekwa kwenye mlango, watoto ndani. Mji ule una zimamoto kila kona. Hapa Mikelenge, ukiita, nani anakuja?

Sasa namgeukia mwenye parseli, kwa sababu naona watu wanamlaumu motari peke yake, na motari ni mtu anayeomba tu. Mwenye ufunguo ni wewe. Familia zinakupa mchango wa juma. Usiku mtu anakuletea franka zake, unamwonyesha prizi iliyo nyuma ya nyumba. Kesho grupu inakwisha esansi saa mbili usiku badala ya saa nne, unawaambia mama wale "mmeongezeka, muongeze mchango". Wanaongeza, juu hawana pa kwenda, na mgeni habishani na mwenye nyumba. Umeuza umeme mmoja mara mbili, na uliyemwibia ni mtu aliyekimbia bila viatu. Usiniambie kwamba usiku wamelala na hawatumii. Wamelala kwa sababu umezima. Na kama unasema yule wa pikipiki analipa mara mbili ya wengine, rudi kwenye hesabu: anakula mara 33.

Kwa wale wa grupu kuna jambo linalochekesha kama halingekuwa la hasara. Grupu ndogo za esansi zinakula karibu lita moja kwa kila kilowati-saa moja. Bateri ya wati-saa 3000 itakula lita tatu, na kidogo zaidi kwa zile zinazopotea. Bateri hiyo itakupeleka kilomita 80 au 90. Pikipiki ya kawaida ya esansi, zile ndogo tunazoziona hapa kila siku, kwa njia hiyo inakula karibu lita mbili. Umenunua pikipiki ya umeme ili ukwepe esansi, kisha umechoma esansi nyingi zaidi, kwa kelele, katika ua wa watu, na moshi unaingia katika chumba cha wagonjwa. Aliyekuuzia pikipiki bila kukuambia hivyo ni mchuuzi, si rafiki.

Kuna mahali pamoja ambapo sitaki hata mjadala: pano za vituo vya afya. Friji ya chanjo inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Ikipanda juu ya hapo, dawa inaharibika, na kwa macho huwezi kujua, chupa inaonekana ileile. Mtoto atachomwa sindano, mama ataandikiwa kwenye karatasi kwamba mtoto amekingwa, na surua itamkuta. Mlinzi wa kituo anayemruhusu shemeji yake kuchomeka pikipiki "saa moja tu" anacheza na watoto wa kartye nzima.

Najua swali linalofuata: basi motari afanye nini? Aendelee kulia juu ya esansi?

Kigali walijibu swali hili kwa njia ambayo tunaweza kuisoma bila kuipenda serikali yao. Kampuni moja, Ampersand, ilianza huko mwaka 2019. Motari wake hachaji nyumbani. Anaingia kituoni, anatoa bateri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, analipa tofauti, anaondoka baada ya dakika chache. Bateri ni ya kampuni, na waya wa kuichaji ni wa kampuni, umepimwa kwa kazi hiyo na una kaunta yake. Hakuna mama anayelipia safari za mtu asiyemjua. Nairobi nao wana vituo vya namna hiyo. Si uchawi, na hakihitajiki kiwanda cha magari. Kinahitajika chumba kimoja cha ukuta wa matofali, mbali na pa kulala, chenye umeme wa kutosha.

Umeme huo utoke wapi? Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango, ikaondoa ile hali ya SNEL kuwa peke yake. Mwaka 2023 kampuni Nuru, ile iliyojenga mtambo wa jua wa megawati 1.3 Goma, ilitangaza kwamba imekusanya zaidi ya dola milioni 40 kwa ajili ya mitambo ya jua ya Goma, Bunia na hapa kwetu Kindu. Jina la mji wetu liliandikwa pale. Kwa hiyo tuna mahali pa kuuliza, na swali letu lisiishie kwenye "taa zitawaka lini". Tuulize pia: katika mchoro wenu, chombo cha kubeba watu kitachajiwa wapi, na kwa kaunta ya nani? Kama hakimo katika mchoro, kitaingia chenyewe kupitia dirisha la chumba cha wageni, namna nilivyoeleza.

Na wazee wa mkoa wanakumbuka. Kule Kalima, karibu kilomita mia kutoka hapa, maji ya Lutshurukuru yaligeuzwa umeme tangu wakati wa Wabelgiji, kwa ajili ya migodi ya bati. Bati hiyo iliondoka ikaenda duniani, na bati ndiyo inayoshika vipande ndani ya kila simu na kila sharjeri. Mashine ya mgodi ilipata waya wake mnene. Mtu aliyekaa karibu na nguzo alipata kivuli cha nguzo. Nisingependa tuanze karne hii ya pikipiki za umeme kwa mpango uleule: chombo kwanza, mtoto anayesoma kwa taa baadaye.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na ninayaomba kwa meya na kwa wakubwa wa komini zote tatu. Pikipiki ya umeme isiandikishwe kwa kazi ya kubeba abiria kama mwenyewe hana pa kuichajia panapojulikana. Chama cha wamotari kikae na kampuni yoyote inayotaka kuuza pikipiki hizo, na kiseme: bila kituo, hatununui. Kamati za waliohama na familia zinazowapokea ziandike mapatano yao ya umeme kwenye karatasi, hata nusu ukurasa wa daftari: taa ngapi, simu ngapi, mchango kiasi gani, na kwamba chombo cha magurudumu hakichomekwi. Atakayesaini kwanza awe mwenye parseli.

Mama uliye katika chumba cha nyuma, leo jioni taa zikiwa zimewaka, pitisha mkono juu ya ralonji yako polepole, nje ya plastiki tu, bila kugusa kiungo kilicho wazi. Ukikuta mahali pana joto, kuna mtu anavuta kitu kikubwa kwenye waya wako au kiungo kimelegea. Chomoa upande wa ukutani, kisha uite mwenye nyumba mbele ya majirani.

Kuhusu vituo, viwili upande wa Kasuku na Mikelenge vingetosha kuanza, lakini cha tatu kiwe Alunguli tangu siku ya kwanza. Bateri ya pikipiki ina kilo zaidi ya ishirini, na wamotari wa ng'ambo hawatakubali kuivusha Lualaba kwa mtumbwi kila asubuhi na kurudi nayo jioni. Wataichomeka nyumbani.